Mistari Kumi na Mmoja

Mama Michée aliingia kituo cha afya bila hodi, mtoto mgongoni, akawapita wajawazito waliojaa benchi na kwenda kusimama moja kwa moja mbele ya meza ya Marceline.

"Mama Marceline, ku hospitali banasema mimi ni muongo."

Marceline alimjua vizuri. Huyo Michée, yeye ndiye aliyempokea kwa mikono yake miwili siku ya kuzaliwa, miezi kumi na moja iliyopita. Alifungua kitenge akamtazama. Uso ulikuwa umetapakaa vipele, macho mekundu, pua inachuruzika, na kifua kinatoa kikohozi kikavu. Mwanamke aliyeuguza watoto miaka thelathini na moja hangoji kuambiwa surua ikoje.

"Balikuambia nini?"

"Niliwaambia mutoto hakuchanjwa ya surua. Bakaangalia mu mashini. Bakasema, alichanjwa, tarehe makumi mbili na sita mwezi wa pili, na jina ya infirmière aliyechoma ni Marceline. Basi hii si surua, ni vipele ya joto. Bakanipa dawa ya homa, bakanirudisha." Sauti ilimkatika. "Mbele ya bantu bote, Mama. Bakasema mashini haidanganye, wewe njo unadanganya."

"Na kadi yake?"

"Kadi ililowana wakati ziwa ilipanda mu nyumba. Wino yote ilikimbia. Unajua."

Marceline alijua. Nusu ya wamama wa kando ya ziwa walikuwa na kadi za namna hiyo, karatasi zilizovimba zisizosema lolote. Alichukua kalamu nyekundu, akaandika barua fupi ya kwamba huyu ni mgonjwa wa surua na apokelewe leo hii, akatia mhuri mara mbili ili mtu asijifanye hakuuona. Akaita pikipiki, akawapandisha wote wawili. Pikipiki ilipopotea kwenye kona, alirudi mezani na kufungua tableti. Alitafuta mwezi wa pili, kidole kikisogea polepole kama kinapita juu ya miiba. Tarehe ishirini na sita: watoto ishirini na watatu wamechanjwa. Kando ya kila jina palikuwa na jina lingine, lile lile, mara ishirini na tatu. Marceline.

*

Mashine ziliingia kituoni humo, mjini Kalemie, kidogo kidogo, kama mgeni anayetanguliza mkoba. Kwanza ilikuja kompyuta ya mradi fulani, kubwa, rangi ya maziwa. Umeme wa kuiamsha haukutosha, ikafunikwa kitambaa cha kufuma na kuwekewa maua ya plastiki, na kwa miaka sita haikukosea hesabu hata moja. Ikaja simu ndogo ya kutuma idadi ya wagonjwa wa malaria kila Jumatatu. Marceline alihesabu vijistari daftarini, akatuma, na idadi ikaenda huko idadi zinakokwenda. Mwisho, mwaka jana, zikaja tableti, na pamoja nazo akaja Ruben, mtakwimu wa ofisi ya zone ya afya, aliyeyakusanya madaftari yote ya kituo ndani ya mifuko ya mihogo na kuyafunga nyuma ya pikipiki.

"Karatasi imeisha, Mama," alisema. "Daftari mbili ni kweli mbili. Na kweli mbili ni uongo."

Marceline hakubishana naye. Lakini kilichoondoka na ile mifuko hakikuwa karatasi tu. Tangu ujana wake alikuwa na desturi moja ambayo wauguzi wote waliopita mikononi mwake waliicheka kwanza na kuishika baadaye. Siku ya chanjo alisoma kwa sauti: jina la mtoto, jina la mama, dawa, mkono gani. Mwenzake aliyeshika sindano alichoma, kisha akajibu, "Nimepokea." Hapo ndipo kalamu iliposhuka. Bila neno hilo hakuandika mstari, hata mama wa mtoto awe mke wa gavana. Daftari lenyewe lilijaa miandiko ya watu, mingine mizuri, mingine kama kuku amepita, na kwa kutazama tu ulijua nani alikuwa zamu na nani alikuwa na usingizi.

Tableti haikuwa na miandiko. Ilitaka kode, namba ya siri ya kuifungua, na kode ilikuwa moja, ya mkuu wa kituo. Mwezi wa kwanza Marceline aliisahau mara nne, na mara nne akampigia Ruben simu, na mara ya nne akamsikia akicheka na wenzake kabla ya kujibu. Basi aliiandika kwenye kipande cha plasta ya vidonda akakibandika nyuma ya tableti, ili kila aliye zamu asome na kuendelea na kazi. Jembe la nyumba hushikwa na kila mkono, alisema. Ndivyo kila kilichoandikwa na yeyote kituoni humo kilivyokuwa kimeandikwa na Marceline.

Hata hivyo hakuacha kuandika. Alinunua kaye, daftari dogo la shule lenye picha ya mpira, akaificha kwenye mfuko wake chini ya bakuli la bukari, ugali wake wa mchana, na kila jioni aliandika humo watoto wa siku kama zamani: Mama fulani, nyuma ya depo ya mafuta, Mama fulani, mlango wa bluu. Aliyejua habari ya kaye hiyo alikuwa mtu mmoja tu, naye waliishi nyumba moja.

*

Falone alikuwa na miaka ishirini na sita, mtoto wa marehemu rafiki yake wa kijiji cha Mpala, muuguzi mwenye diploma na asiye na mshahara. Jina lake lilikuwa kwenye orodha iliyotumwa Kinshasa kuomba namba ya serikali, ile inayoleta mshahara, na kama wote wanaongoja namba hiyo, alifanya kazi kwa mgao wa kituo na kwa matumaini. Alikuja kwa Marceline miaka miwili iliyopita na begi moja, "kwa wiki mbili tu, Mama." Mume wa Marceline, François, alikuwa ameshazikwa; mwanawe Prospère alikuwa Kolwezi, bintiye Elisabeth ameolewa Kigoma. Nyumba ilikuwa kimya hata mijusi ilitembea katikati ya sakafu. Falone akaja na kelele zake, kuimba akioga, kucheka na simu, kupiga sufuria na mwiko, na zile wiki mbili hakuna aliyezitaja tena.

Jioni hiyo alikuwa uani akikoroga sombe, mboga ya majani ya mihogo. Marceline alikuja na kaye mkononi, tableti kwapani, akakaa kwenye kiti kifupi.

"Falone. Ile Jumatano ya giza ya mwezi, mwezi wa pili. Batoto balikuja ngapi?"

Mwiko ulisimama. "Kumi na mbili."

"Mimi pia niko na kumi na mbili. Mashini iko na makumi mbili na tatu."

Wote wawili waliikumbuka Jumatano ile. Mwezi unapokuwa gizani, ndagala, wale dagaa wa ziwa, hujaa nyavuni kupita kiasi, na mwanamke yeyote wa kando ya ziwa mwenye mikono anakuwa mchangani akianika kabla mvua haijarudi. Hakuna anayepanda kwenda kituoni kupanga foleni. Marceline mwenyewe alikuwa amewangoja hadi saa nane, chupa moja ya chanjo ikabaki kwenye friji, naye akafurahi kuwa haikupotea bure.

"Mama, asubuhi ile kuriyani ya Bendera ilikuwa imefika, na rezo ilikuwa nguvu," Falone alisema hatimaye. Bila umeme huo wa Bendera na mtandao, tableti haikutuma wala kufuta kitu. "Nikasema, niandike bote wa ku liste mbele, mbele kuriyani haijaenda. Wasiokuja nitabafuta saa sita. Saa sita kuriyani ikaenda."

"Na kesho yake?"

"Kesho yake tulikuwa kijani."

Hapo ndipo Marceline alipokaa vizuri kitini, maana alielewa. Kila mwezi ofisi ya zone ilituma kwenye kundi la simu jedwali la vituo vyote. Waliotimiza, kijani. Waliochelewa, nyekundu, na majina yao mbele ya wenzao wote. Miezi minne mfululizo Marceline alikuwa mwekundu. Kulikuwa na kijana wa kituo cha jirani aliyeandika chini yake, *kwa wazee tuombe subira*, na watu kumi na mmoja wakamcheka Marceline kwa vipicha.

"Ulipigiwa makofi, Mama," Falone aliendelea, na sasa alikuwa analia. "Docteur aliandika, Bravo Mama Marceline. Ulisoma ile message mara ngapi? Ulinionyesha mimi. Ulionyesha hata muuza makala. Ningefuta namna gani? Ningefuta, ungerudi mwekundu."

Marceline alitamani kumkaripia. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, maneno aliyowaambia wanafunzi wake miaka yote, kwamba hakuna kuandika sindano ambayo haijaingia. Lakini ni kweli alimwonyesha muuza makaa. Alimsomea mara mbili, kwa kuwa yule mtu hakujua kusoma.

"Sombe inaungua," alisema.

*

Wito wa ofisi ya zone ulikuja kesho yake, kwa ajili ya ile barua ya kalamu nyekundu. Daktari wa zone aliitwa Wilfried, mtu mpole mwenye umri wa Prospère, na meza yake ilikuwa na karatasi nyingi kwa ofisi iliyozipiga marufuku. Ruben alikaa pembeni na kompyuta mapajani.

"Mutoto amelazwa," daktari alisema. "Mapafu imeshikwa, lakini tunafikiri atapona. Mama, nieleze. Hii jina ni yako?"

"Ni yangu, Docteur."

"Na batoto hawakuchanjwa."

"Batoto kumi na mmoja hawakuchanjwa." Alitoa kaye, ambamo usiku uliopita alikuwa ameandika mistari kumi na mmoja ya waliokosekana, akaiweka mezani. Alikuwa amekwisha kujua njiani kwamba ataitoa. Bila kaye hiyo hakuna ambaye angewatafuta wale watoto. Kwa mashine walikuwa wazima, na mtu haendi kumtafuta mzima. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Hawa hawakuwapo, na lao lilikuwapo, kijani kabisa.

Ruben aliichukua kaye kwa ncha za vidole, akatazama picha ya mpira. "Hii ni nini, Mama? Daftari ya deni ya ku soko?"

"Ni batoto," Marceline alisema.

"Njo wewe uliandika hii makumi mbili na tatu mu tableti?" daktari aliuliza.

Hapa Marceline alivuta pumzi. Tusimpake utakatifu ambao hakuwa nao. Hakufikiria kwanza namba ya serikali ya Falone, wala ujana wake. Alifikiria mlango wa nyumba yake saa kumi na mbili jioni, na mijusi.

"Njo mimi. Nilitanguliza kazi. Nilikosa."

Ruben aligeuza kompyuta. "Docteur, hapa iko na saa. Jina ya kwanza, saa tatu na dakika kumi na mbili. Jina ya mwisho, saa tatu na makumi tatu na moja. Majina makumi mbili na tatu ndani ya dakika kumi na tisa." Alimsogezea Marceline tableti. "Mama, tafazali. Andika hapa tu, Salomon."

Salomon alikuwa mmoja wa wale kumi na mmoja. Marceline alinyoosha kidole. S aliipata upesi. A ikaja mara mbili, akafuta, ikafutika na S. Akaanza tena. Kidole kilizunguka juu ya herufi bila kushuka. Alisikia saa ya ukutani. Alimsikia karani wa chumba cha pili akija kusimama mlangoni kutazama. Alifika L, na kioo kikazimika kwa kungoja.

"Inatosha," daktari alisema kwa sauti ya chini.

"Siku ile vidole vilikuwa vyepesi," Marceline alisema.

Daktari alimrudishia Ruben tableti. Alijua, na Marceline aliona kwamba anajua. "Mama, mu daftari ya zamani ningetazama mwandiko, ingeisha. Hapa mikono yote ni moja. Lakini hii rapoti inaomba jina ya muntu. Haikubali nafasi tupu, nimejaribu. Nikiacha, haiendi."

"Basi andika yangu."

Akaandika. Marceline alisimamishwa kazi siku hiyo hiyo, hadi shauri likatwe juu, miezi kumi kabla ya kustaafu. Kaye ilibaki ofisini kuwa ushahidi. Aliomba vitu vitatu tu: kisanduku cha barafu, chanjo, na siku tatu. Daktari alimpa, bila kuandika popote kwamba amempa.

*

"Ulibaambia nini?" Falone aliuliza, amesimama mlangoni.

"Nilisema ni mimi."

Marceline alitegemea machozi, au kukumbatiwa, au angalau asante. Falone alikaa chini kwenye kizingiti kama mtu aliyepigwa.

"Ju ya nini ulifanya vile, Mama?"

"Namba yako ingekufa."

"Na sasa mimi nitakuwa nani mu hii nyumba? Kila siku nitakula bukari yako na hili neno mu koo?"

"Utakula. Watu wanakula na mengi mu koo."

Usiku huo kila mmoja alilala upande wake, na hakuna aliyeimba akioga. Marceline alijiambia kwamba ni hasira tu, hasira hupita. Jambo moja hakulijua, naye alikuwa mtu mzima wa kutosha kulijua: mzigo unaombebea mtu bila kumwuliza, humwelemea yeye zaidi kuliko wewe.

*

Michée alikuwa mstari wa kwanza wa ile kumi na mmoja. Walibaki kumi. Kaye haikuwapo, lakini aliyeandika kwa mkono wake hana haja ya kusoma, na Marceline alishuka ziwani na majina yote kichwani.

Siku ya kwanza alipata sita. Aliwakuta wamama mchangani wameinama juu ya ndagala, akaweka kisanduku cha barafu juu ya mtumbwi uliogeuzwa, akaita: jina la mtoto, jina la mama. Hakukuwa na mwenzake wa kujibu, basi alichoma mwenyewe na kunyamaza. Habari zilikuwa zimemtangulia, maana Kalemie neno halihitaji rezo. Mwanamke mmoja alimzuia mwanawe kwa mikono miwili.

"Mashini yenu inasema alichanjwa. Leo unasema hakuchanjwa. Kesho mutasema nini?"

"Uliwahi kuniona nikimuchoma?"

"Hapana."

"Basi amini macho yako, usiamini mimi."

Yule mama alifikiri, akamtoa mtoto. Lakini alipokuwa akiondoka Marceline alimsikia akimwambia jirani yake, "Njo yeye, ule wa kuandika batoto ya uongo." Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayemwonyesha mtu lilipo duka la chumvi. Marceline alifunga kisanduku na kuendelea na njia. Miaka thelathini na moja, na hilo ndilo jina alilolipata.

Siku ya pili alipata watatu, wawili karibu na mdomo wa mto Lukuga na mmoja nyuma ya bohari za reli. Huyo wa mwisho bibi yake alimpa Marceline kiti na maji, akamwuliza habari za miguu, na kwa wema huo Marceline nusura alie kuliko kwa matusi. Ni huyo bibi aliyemwambia habari za Salomon.

"Mama yake, Rachelle, walihama. Bwana yake alifuata ndagala. Wako Mpala."

Jioni alimweleza Falone, akiwa amevua viatu na kuweka miguu kwenye beseni. "Amebaki mmoja. Iko kwenu, Mpala. Boti ni ya kesho, na siku zangu ni kesho zinaisha. Lazima nirudishe kisanduku."

Falone alimwagia maji ya moto kidogo kidogo kwenye beseni. "Salomon wa Rachelle," alisema.

"Huyo huyo."

Marceline alikausha miguu, akaenda kulala.

Siku ya tatu alirudisha kisanduku, akarudi nyumbani saa kumi. Mkeka wa Falone ulikuwa umekunjwa na kusimamishwa ukutani. Msumari aliotundikia nguo ulikuwa mtupu. Ndoo aliyoogea ilikuwa imejazwa maji hadi juu, safi. Simu yake ilipopigwa ilisema kwamba mtu huyo hapatikani kwa sasa.

Marceline aliketi juu ya kitanda. Kwanza aliona aibu, kisha hasira, hasira kali ya kumfanya aseme peke yake kwa sauti. Alimpa nyumba. Alimpa jina lake lote. Na msichana amekimbia kwao kama aliyeiba kuku, hata barua hakuacha. Maji yakimwagika hayazoleki, aliiambia ndoo ile iliyojaa.

*

Siku kumi na sita zilipita. Kituoni aliletwa mkuu mpya, Samy, kijana mwenye mikono myepesi, na mtu mmoja mwenye mdomo mwepesi alimwambia Marceline kwamba kitu cha kwanza alichofanya ni kubandua ile plasta nyuma ya tableti na kuitupa. Michée alitoka hospitali. Mama yake alipita njia ya nyumba na mtoto mgongoni, shingo imekuwa nyembamba lakini anatazama huku na huku, na huyo mama aliinua mkono kidogo, bila kusimama. Marceline hakumlaumu.

Alipika bukari ya watu wawili kwa sababu mkono haukujua kipimo kingine, na iliyobaki akawapa bata wa jirani. Alijizoeza kuwasha redio kabla ya kufungua mlango, apokewe na sauti ya mtu. Jumapili Prospère alipiga simu kutoka Kolwezi, dakika mbili, makelele ya magari nyuma yake.

"Na Falone iko?"

"Iko," Marceline alisema. "Anaoga."

Siku ya kumi na saba, asubuhi, hodi ikapigwa na mtu aliyejua kupiga hodi. Alikuwa Urbain, mwenye boti ya Mpala, suruali imekunjwa hadi magotini. Alitoa mfukoni bahasha ndogo ya dawa, ile ya karatasi ya kaki wanayotilia vidonge, imekunjwa mara nne.

"Banakutumia kutoka ku dispanseri. Ile mutoto wa kike alisema nikupe mu mukono, si kwa muntu mwingine."

"Iko muzima?"

"Muzima. Anawasaidia bamama ya pale kuchanja. Bure tu, hakuna anayemulipa. Anatafuta kambi za bavuvi kwa miguu, moja moja." Urbain alijikuna shingo. "Alikuwa na barua nyingine ya kupeleka ku biro ya docteur. Nimetoka kule sasa hivi."

Marceline alimshukuru, akamletea maji, akangoja hadi aondoke. Kisha akaikunjua bahasha juu ya meza. Mwandiko ulikuwa wa Falone, wa kulalia kushoto, ile *l* yake ndefu inayogonga mstari wa juu. Aliujua tangu siku za daftari.

*Salomon, mtoto wa Rachelle, kambi ya wavuvi, Mpala. Surua. Mkono wa kushoto. Jumanne. Nilimtafuta siku tisa. Aliyechoma na aliyeandika, Falone.*

Chini yake, baada ya nafasi: *Ile Jumatano ya giza niliandika mimi, si Mama Marceline. Hii hii nimemwandikia na docteur.*

Hakukuwa na zaidi. Aligeuza bahasha, nyuma ilikuwa tupu. Hakusema atarudi, hakusema samahani, hakusema asante. Marceline alielewa kwamba namba ya Kinshasa ndiyo imekwenda hivyo, na kwamba yeye pengine ataitwa tena, na kiti chake pengine atarudishiwa kwa miezi iliyobaki. Alikuwa amedanganya ili asibaki peke yake, na msichana amesema kweli, na nyumba ni ile ile, na mijusi. Alilia. Hakulia vizuri, alilia kama mtu asiyezoea, kwa kukohoa.

Alipomaliza, alinawa uso. Kabatini kulikuwa na kaye mpya aliyoinunua wiki ile ya kwanza bila kujua ni ya nini. Alikata plasta mbili, akaibandika bahasha kwenye ukurasa wa kwanza, akailainisha kwa kiganja. Akachukua kalamu. Lakini desturi ni desturi, na mkono haukushuka. Basi aliketi wima, akasoma kwa sauti, polepole, kama siku zile benchi likiwa limejaa:

"Salomon, mtoto wa Rachelle. Surua. Mkono wa kushoto."

Akangoja. Uani bata wa jirani walikuwa wakigombana juu ya makoko ya bukari ya jana.

"Nimepokea," Marceline alijibu, akaandika.